Windows, macOS au Linux: mfumo endeshi una mkono gani katika kasi ya kivinjari?

Kivinjari kikianza kujikokota, watu hugawanyika makundi mawili. Yupo anayefunga vichupo vyake arobaini huku akinung'unika, na yupo anayesema, "Shida ni hii Windows. Nikihamia Linux yataisha." Huyu wa pili ndiye ninayemwandikia, pamoja na pacha wake anayeamini kwamba akinunua Mac kurasa zitafunguka kabla hajabofya. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, na kivinjari kikikosa kasi husingiziwa mfumo endeshi. Ila kuna siku jua lina kosa kweli, na hizo ndizo siku za kuzijua.

Nitalinganisha Windows, macOS, Linux na ChromeOS, kisha nitagusa simu. Sitaupa kila mfumo alama zake na kujumlisha mwishoni. Njia hiyo hupotosha, maana kivinjari hakifanyi kazi moja. Kinapiga hesabu, kinachora, kinacheza video, kinashika kumbukumbu, kinasoma na kuandika kwenye diski. Katika baadhi ya kazi hizo mfumo endeshi una sauti kubwa, na katika nyingine haupo kabisa. Nitakwenda kazi kwa kazi.

Hesabu: hapa usitegemee muujiza

Sehemu kubwa ya kurasa za leo ni JavaScript. Chrome, Edge, Opera, Brave na Vivaldi huitekeleza kwa injini ya V8, Firefox kwa SpiderMonkey, na Safari kwa JavaScriptCore. Injini hizi zote husoma msimbo wa ukurasa na kuugeuza, papo hapo, kuwa maagizo ya lugha ya prosesa. Maagizo yakishakaa kwenye kumbukumbu, prosesa inayatekeleza moja kwa moja. Mfumo endeshi hapo ni kama mwenye nyumba: amekodisha chumba, na mpangaji akishafunga mlango wake anafanya yake. Mwenye nyumba anahusika tu pale mpangaji anapotoka kubisha hodi akitaka kitu: maji, umeme, chumba cha pili.

Kwa hiyo ukifungua toleo lilelile la kivinjari kilekile kwenye mashine ileile, mara ndani ya Windows na mara ndani ya Linux, hesabu tupu huenda karibu mwendo mmoja. Zamani kulikuwa na tofauti ya namna programu yenyewe ilivyoundwa, kwa sababu Chrome ya Windows ilipitishwa kwenye kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa programu kamili) ya Microsoft na zile nyingine hazikupitishwa huko. Tangu toleo la 64, mwaka 2018, hata ya Windows huundwa kwa Clang, kompaila ileile ya zile nyingine.

Ukitaka kupima mwenyewe, tumia Speedometer 3. Ilitoka Machi 2024 kwa ushirikiano wa Apple, Google, Microsoft na Mozilla, washindani wanne waliokubaliana juu ya rula moja, jambo ambalo si la kila siku. Inaigiza mtu anayetumia programu za mtandaoni: anaongeza kazi kwenye orodha, anahariri maandishi, anachora chati. Rudia kipimo mara tatu au nne, kwa sababu kipimo kimoja hakisemi kitu. Ukiona pengo kubwa kati ya mifumo miwili, angalia kwanza hali ya umeme. Kompyuta mpakato iliyochomolewa chaji, au iliyowekwa kwenye hali ya kuokoa betri upande mmoja tu, itakupa ushindi wa uongo. Nimeona watu wakibishana kuhusu Linux na Windows kumbe wanalinganisha chaji na betri.

Uchoraji na video: hapa mlango unagongwa kila sekunde

Ukurasa ukishapigiwa hesabu lazima uchorwe, na kivinjari hakiigusi chipu ya michoro moja kwa moja. Kinapitia mfumo endeshi na draiva zake, yaani programu ndogo zinazouwezesha mfumo kuongea na chipu. Kwenye Windows njia hiyo ni Direct3D. Kwenye macOS ni Metal. Kwenye Linux ni OpenGL au Vulkan, chini ya X11 au Wayland (mifumo miwili ya kuonyesha madirisha), na hapo ndipo mambo huanza kutofautiana kati ya mashine mbili zinazofanana kwa nje.

Vivinjari hubeba ndani yake orodha ya draiva zisizoaminika. Kikiikuta ya kwako humo, kivinjari huacha kutumia chipu ya michoro na kuchora kila kitu kwa prosesa. Hufanya hivyo kimya. Hutapata onyo, utapata ukurasa unaoshtukashtuka unapousogeza, na feni inayovuma kama inapepeta mahindi. Jambo hili hutokea kwenye mifumo yote, lakini Linux ndiyo hukumbwa zaidi, kwa sababu mchanganyiko wa draiva, kerneli (kiini cha mfumo endeshi) na mazingira ya dawati ni mwingi mno kuupima wote. Mimi mwenyewe niliwahi kuisifu Linux mpya wiki nzima, nikishangaa tu kwa nini kila video inaunguza mapaja. Nilipofungua about:support ndani ya Firefox, mstari wa Compositing ulikuwa na neno Software. Prosesa ilikuwa inachora peke yake tangu siku ya kwanza. Kwenye Chrome na ndugu zake, ukurasa wa kuangalia ni chrome://gpu. Kagua hapo kabla ya kulaumu chochote.

Video ndiyo inayoonyesha tofauti wazi kuliko kitu kingine chochote. Chipu za kisasa zina sehemu maalumu ya kusimbua video, inayofanya kazi hiyo kwa umeme kidogo sana. Isipotumika, prosesa inabeba mzigo wote. Kwenye Windows na macOS njia ya kuifikia sehemu hiyo imekuwa wazi kwa miaka mingi, na kivinjari huitumia bila kuulizwa. Kwenye Linux njia ipo, inaitwa VA-API, ila vivinjari vimechelewa kuiamini. Firefox iliiwasha bila mtumiaji kugusa mipangilio kwa chipu za Intel katika toleo la 115, Julai 2023, na kwa chipu za AMD katika toleo la 136, Machi 2025. Chrome ya Linux kwa miaka mingi iliiacha imezimwa. Mwenye Nvidia ana kibarua kingine, kwani draiva rasmi ya kampuni hiyo haiji na VA-API, hivyo hulazimika kutafuta daraja lililotengenezwa na watu wengine. Na Fedora, mwaka 2022, iliondoa usimbuaji wa kodeki (mbinu za kubana video) kama H.264 kwenye draiva zake za michoro kwa hofu ya hataza, hivyo mtumiaji huirudisha mwenyewe kutoka hazina ya nje.

Hapa sina sababu ya kuzungukazunguka. Kwa anayetazama video au kukaa kwenye mikutano ya video kutwa, Windows na macOS ziko mbele. Linux yenye chipu ya Intel na Firefox ya karibuni inazifuata kwa karibu, na michanganyiko mingine ni bahati nasibu.

Tahadhari moja inahusu mifumo yote. Kodeki ya AV1 haisimbuliwi na chipu za zamani. Intel waliiweka kwenye prosesa za kizazi cha 11 mwaka 2020, na Apple walisubiri hadi M3 mwaka 2023. Tovuti ikikutumia AV1 nawe una mashine ya kabla ya hapo, prosesa itahema tu, uwe na mfumo wowote.

Kumbukumbu: kamba hukatika pabovu

Mwaka 2018, baada ya kasoro za prosesa za Spectre na Meltdown kutangazwa Januari, Chrome toleo la 67 lilianza kuiweka kila tovuti katika mchakato wake, yaani kipande cha programu kinachojitegemea, ili tovuti moja isichungulie siri za nyingine. Google wenyewe walikadiria kwamba hatua hiyo ingeongeza matumizi ya kumbukumbu kwa takriban asilimia 10 hadi 13. Firefox ilifuata njia hiyohiyo mwaka 2021. Gharama hii haichagui mfumo, kwani vichupo ishirini vizito ni vizito popote. Tofauti huonekana pale RAM inapojaa, na hapo kila mfumo una tabia yake.

Windows ni mhasibu mkali. Programu ikiomba kumbukumbu, Windows huhesabu ombi hilo dhidi ya jumla ya RAM na faili la akiba lililo kwenye diski, hata kama programu haijaitumia bado. Hesabu ikifika ukomo, ombi linakataliwa ingawa RAM bado ina nafasi wazi, na kivinjari kilichokataliwa huanguka. Mwaka 2022 wahandisi wa Firefox walijaribu dawa rahisi hadi inachekesha: ombi likikataliwa, programu isubiri kidogo na kuomba tena, kwa sababu Windows hutumia muda huo kulipanua faili la akiba. Maanguko ya aina hiyo yalipungua kwa zaidi ya asilimia 70. Kisa hicho kinamhusu sana yule aliyeshauriwa kulizima faili la akiba ili kompyuta iwe nyepesi. Amekiondolea kivinjari chake godoro la kuangukia.

Linux ni mkopeshaji mkarimu. Huahidi kumbukumbu kuliko iliyo nayo, ikitumaini kwamba wote hawatakuja kudai kwa siku moja. Wakija, mashine huganda. Kishale cha kipanya kinaruka hatua moja kwa sekunde kadhaa, na hatimaye kerneli inachagua programu ya kuua, mara nyingi kichupo au kivinjari chote. Kumekuwa na maboresho. Fedora 33 ya mwaka 2020 ilileta zram, yaani akiba iliyobanwa ndani ya RAM yenyewe, na Fedora 34 ikaleta mlinzi anayeua mapema kabla mashine haijaganda. Ubuntu 22.04 nayo ilimwajiri mlinzi huyohuyo, na watumiaji wakalalamika kwamba vivinjari vyao vinatoweka bila hata kuaga.

macOS hubana kumbukumbu tangu Mavericks, mwaka 2013, na Windows ilianza kufanya vivyo hivyo na Windows 10 mwaka 2015. Kwa jicho langu macOS ndiyo inayozama taratibu kuliko zote: huoni ukuta, unaona tu vichupo vya zamani vikichukua muda kuamka. Lakini GB 8 ni GB 8 tu, hata zikiwa ndani ya boksi la alumini.

Lipo jambo lenye uzito zaidi ya tabia hizi zote, nalo ni kiasi mfumo wenyewe unachokula kabla hujafungua chochote. Linux yenye dawati jepesi kama Xfce au LXQt huanza ikiwa imeshika kumbukumbu kidogo sana ikilinganishwa na Windows 11. Kwenye mashine ya GB 16 tofauti hiyo haina maana. Kwenye mashine ya GB 4 ndiyo inayoamua kama kivinjari kina pa kukaa au hakina. Kadiri RAM inavyokuwa finyu ndivyo mfumo endeshi unavyozidi kuwa na uzito. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kubishana juu ya jambo hili na wote wakasema kweli: mmoja ana kompyuta ya miaka kumi iliyopita, mwingine ana ya mwaka jana.

Zana za kulaza vichupo visivyotumika, kama ile ya Chrome iliyokuja mwishoni mwa 2022 au ya Edge iliyoitangulia, zipo kwenye mifumo yote. Ziwashe kabla ya kufikiria kuhama.

Diski, michakato na walinzi wa mlangoni

Kuanzisha mchakato mpya kwenye Windows ni kazi nzito kuliko kwenye Linux. Chrome ya Linux hutumia ujanja wa kuwa na mchakato mmoja ulioandaliwa tayari, ambao hujinakili kila kichupo kipya kinapohitajika. Android pia hutumia mbinu hiyo. Windows haina njia ya kujinakili namna hiyo, kwa hiyo kila mchakato hujengwa upya. Kwenye diski ya SSD na prosesa nzuri huwezi kuona tofauti kwa macho. Kwenye diski ya kuzunguka utaiona, tena utaichukia.

Kisha kuna programu ya kinga. Kivinjari huandika mafaili madogo mengi mno kwenye hifadhi yake ya muda, na kila faili linaweza kusimamishwa getini likaguliwe. Kisa maarufu kilihusu Microsoft Defender na Firefox. Nilisema awali kwamba msimbo ukishageuzwa mfumo endeshi hauna habari nao. Ila wakati wa kuugeuza, Firefox hubadili ruhusa za kumbukumbu mara kwa mara, kwa sababu za usalama, na Defender ilikuwa inafuatilia kila badiliko kwa hesabu nyingi kuliko ilizohitaji. Prosesa ikawa inaliwa na mlinzi badala ya mpangaji. Hitilafu hiyo iliripotiwa mwaka 2018 na ikatengenezwa mwaka 2023. Miaka mitano! Watu walioihama Windows katika kipindi hicho wakaona Firefox imepata mbawa hawakuwa wakiota.

Linux isijipige kifua. Ubuntu 22.04 ilipoleta Firefox ndani ya kifurushi cha snap (namna ya Ubuntu ya kufungasha programu pamoja na vyote inavyovihitaji), ufunguaji wa kwanza baada ya kuwasha kompyuta ulichelewa kiasi cha kufanya watu waulize kama wamebofya kweli. Ilirekebishwa kidogo kidogo, lakini funzo lake bado lina kazi: kwenye Linux, namna kivinjari kilivyofungashwa inaweza kuathiri kasi kuliko Linux yenyewe.

Kuhusu mtandao nitasema machache tu. Ukurasa ukichelewa kufika kwa sababu ya intaneti, kubadili mfumo endeshi ni kubadili viatu ukiwa ndani ya basi.

Betri

Hapa Safari kwenye Mac ina faida ya kuzaliwa nyumbani. Kampuni moja imetengeneza chipu, mfumo na kivinjari, na kazi za nyuma huelekezwa kwenye viini vidogo vya prosesa visivyokula umeme. Hata hivyo kivinjari cha nje kinaweza kujifunza mila za mwenyeji. Firefox ya Mac ilikuwa maarufu kwa kumaliza betri hadi toleo la 70, Oktoba 2019, ilipoanza kutumia Core Animation. Kabla ya hapo, hata kishale kinachopepesa kwenye kisanduku cha maandishi kililazimisha dirisha zima lichorwe upya. Baada ya hapo huchorwa kile kilichobadilika tu.

Windows nayo ina hadithi yake. Saa yake ya ndani kwa kawaida huiamsha prosesa mara 64 kwa sekunde, na Chrome ilikuwa na kawaida ya kuipandisha hadi mara 1,000, hata pasipokuwa na sababu. Ilirekebishwa zamani, lakini inaonyesha mwelekeo: mara nyingi kosa la betri halimo ndani ya mfumo wala ndani ya kivinjari, limo katika namna vinavyosalimiana. Linux kwenye kompyuta mpakato hutegemea sana mtengenezaji wa kompyuta hiyo aliijali kiasi gani, na tatizo la video nililolieleza juu ndilo hunywa chaji nyingi.

ChromeOS

Huu ni mfumo uliojengwa kwa ajili ya kivinjari, juu ya kerneli ya Linux, na uko kwenye soko tangu 2011. Michoro, video, zram, vyote vimepangwa tayari kwa mashine maalumu, hivyo hauna zile bahati nasibu za Linux ya kawaida. Toleo la ChromeOS Flex, la mwaka 2022, huwekwa kwenye kompyuta za kawaida za Intel au AMD zenye angalau GB 4 za RAM. Ubaya wake unajulikana: kivinjari ni kimoja, na programu nzito za mezani hazina nafasi. Kama unaishi ndani ya kivinjari huo si ubaya.

Simu: mfumo unapochagua injini

Kwenye iPhone swali linageuka kichwa chini. Kwa miaka yote Apple imevitaka vivinjari vyote vitumie WebKit, injini ya Safari. Chrome ya iPhone ni WebKit iliyovaa nguo za Google, na Firefox ya iPhone vilevile. Mlango ulifunguliwa kwa nchi za Umoja wa Ulaya kuanzia iOS 17.4, Machi 2024, lakini kwingi kwingineko kanuni ikaendelea. Kwa hiyo kuhama kutoka Safari kwenda Chrome kwenye iPhone ili upate kasi ni kuhama kutoka chumba kimoja hadi kingine ndani ya nyumba ileile. Ukipata tofauti, itatokana na kuzuia matangazo au namna vichupo vinavyohifadhiwa.

Anayewasha hali ya kujilinda kabisa (Lockdown Mode) ya iOS 16 na kuendelea ajue pia kwamba inazima ule ugeuzaji wa papo hapo wa JavaScript. Kurasa nzito zitakuwa nzito zaidi, kwa makusudi.

Android huruhusu injini yoyote. Tatizo lake ni RAM: mfumo huua vichupo vya nyuma bila huruma, na unaporudi ukurasa unaanza kupakia upya. Hakuna kivinjari kitakachokuokoa hapo kwenye simu yenye RAM ndogo.

Toleo unaloruhusiwa kutumia

Nimeliacha hili hadi sasa ingawa ndilo ninalolihesabu kuwa zito kuliko yote. Mfumo endeshi huathiri kasi ya kivinjari zaidi kwa kile unachokiruhusu kuliko kwa mwendo wake wenyewe.

Chrome 109, ya Januari 2023, ndiyo ya mwisho kwa Windows 7 na 8.1. Firefox kwa mifumo hiyo iliishia tawi la 115. Safari husasishwa pamoja na macOS, hivyo Mac iliyoachwa nyuma huachwa pamoja na Safari yake. Mwenye mfumo wa zamani anatumia injini ya zamani isiyopata maboresho ya kasi wala viraka vya usalama, huku tovuti zikiandikwa kwa kufuata injini mpya. Anaona kurasa zikivunjika, anaita uzito. Windows 10 ilimaliza muda wake wa kawaida wa msaada tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo watu wengi watalikuta swali hili mlangoni mwao.

Pacha wa tatizo hilo ni kuweka toleo lisilolingana na prosesa. Mac zenye chipu za Apple zilipotoka Novemba 2020, Firefox iliyotengenezwa kwa Intel ilikimbia juu yake kwa kutafsiriwa. Firefox 84 ya mwezi uliofuata ilipokuja kwa lugha ya chipu yenyewe, Mozilla ilieleza kuwa inafunguka mara 2.5 haraka zaidi na programu za mtandaoni zinaitikia mara mbili zaidi. Kwenye Windows za ARM (aina ya prosesa tofauti na za Intel na AMD), Chrome ya lugha yao ilifika Machi 2024 tu. Mashine ileile, mfumo uleule, faili la usakinishaji tofauti. Kama kompyuta yako ni ya ARM na ulinakili programu kutoka ya zamani, angalia hili leo.

Basi uchague nini?

Kama una Windows ya sasa na RAM ya GB 8 au zaidi, usihame kwa sababu ya kivinjari. Fungua dirisha la wasifu mpya usio na viendelezi na ujaribu tovuti zilezile. Zikienda vizuri, mkosaji ni kiendelezi. Kwenye Chrome bonyeza Shift na Esc uone nani anakula. Kwenye Firefox andika about:processes. Nimekuta kiendelezi kimoja cha kukagua tahajia kikila kuliko tovuti tatu.

Kama una mashine ya GB 4 iliyokwama kwenye Windows ya zamani, hapo hama, na utaona tofauti. Anayeishi ndani ya kivinjari tu achukue ChromeOS Flex. Anayehitaji pia programu za mezani na asiyeogopa kusoma maelekezo achukue Linux yenye Xfce au LXQt. Kama bado ina diski ya kuzunguka, badilisha diski kwanza. SSD ya bei ya chini itafanya mengi kuliko mfumo wowote.

Kama kazi yako ni mikutano ya video ukiwa mbali na umeme, Mac yenye chipu ya Apple ndiyo ningeichukua, kisha Windows. Linux ningeichukua kwa sababu nyingine nzuri, ila si hiyo.

Na kama tayari uko Linux na hutaki kuhama, tumia Firefox ya karibuni, hakikisha about:support haina lile neno Software kwenye mstari wa Compositing, kisha cheza video ya dakika tano huku ukiangalia matumizi ya prosesa. Yakikaa chini, huna shida. Yakipanda na kubaki juu, tafuta draiva ya VA-API ya chipu yako kabla hujafuta chochote.

Anayesitasita kati ya Windows na Linux aweke Linux kwenye kijiti cha USB na kuiwasha kutoka hapo bila kusakinisha. Ufunguaji wa programu utakuwa wa polepole kwa sababu ya kijiti, usiuhukumu. Subiri kivinjari kifunguke, kisha tembelea zile tovuti tano unazotumia kila siku, zilezile, na kompyuta ikiwa imechomekwa kwenye umeme pande zote mbili.